Mpiga Maji wa Malka Yetu

Kabla mtu hajabatizwa katika mto Tana, sharti maji yapigwe. Wale wa makanisa ya kunyunyizia hawalijui jambo hili, lakini sisi wa upande wa Idsowe tunajua kwamba mamba hasikilizi matangazo ya Jumapili. Kwa hiyo mtu mmoja hutangulia majini na gongo refu, akayachapa maji juu na chini, akapiga kelele, akatukana kidogo, mpaka mwenye mto asogee. Hapo ndipo mchungaji hushuka na kanzu yake nyeupe na kwaya ikaanza kuimba.

Kwa miaka yote ninayoikumbuka, mtu huyo kwetu alikuwa mmoja tu. Tulimwita Mpiga Maji. Wageni waliposikia jina hilo walidhani ni mlevi, naye hakuwasahihisha, kwa sababu alipenda kuona watu wakimsogelea ili wamnuse. Alikuwa mrefu, mwembamba wa miguu, na alikuwa na shati moja la kijani, limetoboka makwapani, ambalo mkewe aliapa kulichoma moto tangu mimi sijaolewa. Shati halikuchomwa. Kila ukikutana naye, shati hilo hapo.

Kicheko chake ndicho kilichonifanya nikae niandike. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikakwama kifuani kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi, halafu kikawaka. Ukikisikia kutoka ng'ambo ya mto ulicheka kabla hujajua unacheka nini. Mimi nina hoteli ndogo ya chai pale Garsen, karibu na njia panda ya Lamu, na siku alizokuja mjini wateja walihama meza zao na vikombe mkononi wakaenda kubanana kwake. Nilikuwa nikimpa mahamri ya bure, na bado nilipata faida.

Sasa, mtu huyu aliyelinda ubatizo wa karibu kila Mkristo wa kijiji chetu, aliyesimama majini hadi kifuani huku sisi tukizaliwa mara ya pili mmoja baada ya mwingine, yeye mwenyewe hakuwa amebatizwa.

Si kwamba hakuamini. Ungemsikia akiomba kabla ya kushika gongo ungedhani yeye ndiye askofu. Si kwamba aliogopa mamba pia. Nimemwona kwa macho yangu akimpiga mamba mmoja pua kwa gongo na kumwambia, "Wewe nawe Jumapili huna mahali pa kwenda?" Mamba akageuka akaenda zake, sijui kwa uchungu au kwa aibu. Alichokiogopa kilikuwa kingine, na nitakifikia.

Niseme kwanza habari za mahali penyewe. Kingo za mto wetu nyingi ni za kuporomoka, zina matete na mashamba ya migomba mpaka kwenye maji. Pale panapoteremka taratibu ni malka, njia ambayo Waorma hupitishia ng'ombe kwenda kunywa. Kanisa halikuwa na pengine pa kubatizia, kwa hiyo tulibatizwa kwenye malka ya Mzee Barisa, Mworma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Yeye ni Mwislamu na hakuwa na neno na ubatizo wetu, ila alikuwa na sharti. "Ng'ombe kwanza," alisema. "Wakristo nyuma." Wazee wa kanisa walinung'unika, lakini Mpiga Maji alikubali mara moja, kwa sababu ng'ombe mia wakiingia mtoni kwa kishindo, nusu ya kazi yake imekwisha. Ndiyo maana kila Mkristo wa kwetu alikwenda kuzaliwa upya akikanyaga mavi ya ng'ombe ya moto, na sijasikia hata mmoja aliyepungukiwa na wokovu kwa sababu hiyo.

Mpiga Maji na Barisa waligombana kila kiangazi juu ya ng'ombe na migomba, wakapatana kila masika, wakaanza tena. Barisa alimwita "kafiri yangu" kwa upendo kabisa. Naye alimjibu kwamba siku ya mwisho atasimama mlangoni pa mbingu awaombee ng'ombe wa Barisa, ila Barisa mwenyewe ajitetee.

Alikuwa na neno lake moja ambalo sasa limekuwa letu sote. Mtu aliyebatizwa akionekana anampiga mkewe, au anasogeza mpaka wa shamba, watu walipoguna na kusema mbona huyu ni Mkristo, yeye alitikisa kichwa akasema, "Huyo alilowa tu." Basi. Hakuhubiri zaidi ya hapo. Leo hii hata watoto wa shule wa kwetu wakimwona mtu mnafiki husema alilowa tu, na kuna kiongozi mmoja, simtaji, aliyekuja kutuomba kura akiwa na msalaba shingoni, na mnong'ono ukapita kwenye mkutano kutoka mstari wa mbele hadi wa nyuma.

Alikuwa na haki ya kusema. Sisi wengine siku ya ubatizo tulitazama mchungaji, au tulifumba macho. Yeye peke yake alisimama mahali pa kuona nyuso zikitoka majini. "Wengine wanatoka walivyoingia, na maji masikioni," aliniambia. "Wengine, mwanangu, wanatoka..." Akachovya hamri kwenye chai akalitazama mpaka likakatikia ndani.

Siku aliyobatizwa mkewe ndiyo siku ya mamba wa nguo. Hiki ni kisa ambacho kila mtu wa kwetu anakisimulia kana kwamba alikuwapo, lakini mimi nilikuwapo kweli, kwa kuwa nilibatizwa siku hiyo hiyo. Tulivua nguo zetu nyuma ya matete, tukavaa kanzu, tukaziacha nguo kwenye lundo moja pale mchangani pamoja na viatu vya mchungaji. Mpiga Maji akapiga maji kwa bidii zote. Alipiga upande wa juu, upande wa chini, akapiga katikati. Aliwafukuza mamba wote mtoni, sawasawa na kazi yake, na mmoja wao, alipoona majini hakukaliki, akapanda nchi kavu. Tulipomaliza, tukageuka huku tunaimba, tukamkuta amelala juu ya nguo zetu, kidevu chake juu ya viatu vya mchungaji, anaota jua.

Mchungaji akasema kwa sauti nyembamba, "Ndugu, mwondoe."

"Wa nini?" akasema Mpiga Maji. "Si ulisema hapa mtu anavua utu wa zamani? Umevuliwa, umepata wa kuulalia. Mnaurudia wa nini?"

Na kile kicheko kikawaka. Kilipanda matete, kikavuka mto. Barisa kule juu na ng'ombe wake akaanza kucheka naye, kwaya ikavunjika sauti zote, na mimi niliyekuwa nimetoka kuzaliwa upya dakika ile nilikaa chini kwenye matope nikashika mbavu. Tulirudi kijijini na kanzu zilizolowa, tumenata kama vifaranga, tukicheka njia nzima. Viatu vya mchungaji vilipatikana jioni, na alivivaa miaka mingi ingawa kimoja kilikuwa na alama ya jino.

Lakini Mpiga Maji mwenyewe aliniambia baadaye kwamba kabla ya kucheka siku ile alikuwa ameona kitu. Yeye na mkewe walikuwa wamemzika binti yao mwaka ule. Mkewe aliingia majini na uso uliofungwa, uso aliokuwa nao tangu mazishi. "Alipotoka alinitazama," alisema, "kama ndiyo kwanza ananiona. Na akatabasamu, mwanangu. Mwanamke yule aliyeingia sikumwona tena. Nikaogopa sana."

Hofu yenyewe ni hiyo, sasa tumefika. Mpiga Maji aliogopa kufa. Hakulitamka neno hilo. Mazishini hakusogea kaburini hata siku moja. Udongo ulipoanza kutupwa yeye alikuwa ameshatoweka kwenda kutafuta kuni, na alitafuta kwa bidii ya mtu anayekimbizwa. Akaleta mzigo, akarudi, akaleta mwingine. Misiba yetu ilimalizika kuni zikiwa zimebaki za wiki nzima, na akina mama wa mapishi walimsifu kuliko mashemasi. Siku tuliyomzika yeye, kuni ziliisha kabla wali haujaiva. Tulitazamana pale kwenye masufuria, tukacheka, tukalia.

Nilimuuliza siku moja pale hotelini kwangu, bila kuzunguka. "Baba, unangoja nini?"

"Mchungaji anasema mle majini mtu wa zamani anakufa, anazikwa, anatoka mwingine," alisema. "Ni kweli, au anatania?"

"Ni kweli."

"Basi. Nyinyi mliingia mkitabasamu kwa sababu hamkusikiliza. Mimi nimesikiliza." Akajigonga kifuani kwenye lile shati. "Huyu wa zamani namjua. Nimekaa naye. Ana makosa yake, lakini anachekesha. Huyo mpya sijaonana naye. Je, akitoka kama yule mzee wa kanisa, yule mwenye uso wa mtu aliyemeza limau? Mimi nitakuwa nimeshakufa, siwezi kurudi kumfukuza."

Meza nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaona kwamba yeye hacheki. Alikuwa akinitazama kama mtu aliyeuliza swali na anangoja jibu, nami nikamwongezea chai.

Mkewe alikuwa na hofu yake, na aliisema wazi kwa yeyote aliyesimama karibu. "Huyu mzee atanifanya niende mbinguni peke yangu. Nitakaa na nani huko? Malaika? Malaika wananijua mimi?" Kila alfajiri alipiga magoti akaomba kwa sauti kubwa makusudi: "Bwana, mguse huyu mkaidi aliyelala upande wa ukuta, ambaye hajalala, anajifanya." Na kutoka chini ya shuka ilisikika sauti nzito: "Amina." Majirani waliamka kwa maombi hayo kuliko kwa majogoo.

Kanisa la Garsen lilipojenga birika la saruji la kubatizia, mchungaji alitangaza kwa furaha kwamba shida ya mamba imekwisha. Mpiga Maji alikwenda kulitazama. Akalizunguka, akagonga ukingo kwa gongo.

"Humu hakuna kitu?"

"Maji tu, mzee wangu, ya bomba."

"Hakuna kinachoweza kumla mtu?"

"Hakuna kabisa!"

"Sasa mtu atakufaje humu?"

Mchungaji alimfungulia bomba aone maji yalivyo safi. Tangu siku hiyo gongo liliegemea ukuta wa nyumba, na mkewe akawa anaanikia kanga juu yake.

Maradhi yalimkuta hivyo, hana kazi. Tumbo lilivimba na mwili ukaisha. Daktari alimwambia mkewe, mkewe akaniambia mimi, na kumbe mwenyewe alijua kabla yetu sote. Wazee wa kanisa wakaja kwa zamu kumhimiza, na wa mwisho kuja alikuwa yule wa limau, akamsomea habari za moto wa milele kwa kirefu.

"Moto huo," Mpiga Maji akauliza kwa sauti ndogo, "kuni nani anawatafutia?"

Mzee akafunga kitabu. Mkewe alitoka nje akaegemea mlango, akicheka na kujifuta machozi kwa pembe ya kanga, na aliponiona nafika na mfuko wa mahamri akaniambia, "Ingia. Labda wewe atakusikia. Mimi siku zinaniishia."

Aliposema "zinaniishia" nilielewa kwamba alihesabu siku za mumewe kuwa zake. Niliingia na kuketi kwenye ukingo wa kitanda cha kamba. Lile shati sasa lilimfunika kama hema. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Garsen, lakini yeye alinitangulia.

"Mwanangu, nimemlinda huyu mzee mcheshi maisha yangu yote ili asizame," akasema. "Juzi alfajiri maumivu yalikuwa mengi. Nikamwambia, haya, chekesha. Akanyamaza. Hana kitu. Nimemlinda bure."

Nilimshika mkono.

"Nikaogopa, nikaogopa mpaka nikachoka kuogopa. Basi nikasema, Yesu, mimi nimesimama mtoni nikikulindia watu wako, sasa mimi nani ananisimamia? Nichukue tu. Muue huyu. Hata ukinitoa na uso wa limau, nitauvaa." Akapumua. "Nikalala. Nimelala usingizi kama mtoto, mpaka huyo mama yako akanitikisa akidhani nimekwisha."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwambieni mchungaji," akasema Mpiga Maji. "Lakini si kwenye lile sufuria lake la saruji. Mtoni. Pale ambapo mtu anaweza kufa."

Hapo ndipo tulipogundua kosa letu, kijiji kizima. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amejifunza kupiga maji. Mafuriko yalikuwa yameibadilisha malka, na mamba walikuwa wamestarehe miaka yote ya birika. Lakini habari zilienea, na Jumamosi watu walishuka mtoni na chochote walichokipata: michi, miiko ya msibani, fito za kuezekea, vifuniko vya sufuria. Wote hao aliwahi kuwasimamia majini. Barisa alikuwa ameshafika na ng'ombe wake, amesimama na fimbo begani.

"Ng'ombe kwanza," akasema. "Hiyo ni sheria. Mimi kwa maji yenu siingii, lakini mamba ikipanda hii upande, mimi na yeye."

Ng'ombe wakaingia kwa kishindo, wakanywa, wakatoka. Wanaume wa kwaya wakambeba Mpiga Maji kwenye kiti cha plastiki. Mkewe alimvua lile shati kwa mikono yake, akalitupa mchangani bila kulikunja, akamvika kanzu. Nasi tukaanza kupiga maji, na nakwambia sijawahi kuona kazi mbaya namna ile. Tulilowana nyuso, tulipigana viwiko, mchungaji alipata kifuniko cha sufuria cha sikio.

"Piga kule!" Sauti ilikuwa imempungua Mpiga Maji lakini maneno hayakupungua. "Wewe mama, unapiga maji au unakoroga uji? Mzee wa kanisa, usiyabembeleze, hayalii!"

Kisha akaniita mimi, akanipa gongo lake. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

"Simama upande wa chini," akasema. "Tazama maji. Usinitazame mimi, hata iweje. Ukinitazama mimi, nani anatazama maji?"

Kwa hiyo jambo nililolitamani kuliko yote sikuliona. Nilisimama nimewapa mgongo, maji kifuani, nikichapa na kutazama, nikichapa na kutazama. Nilisikia mchungaji akimuuliza kama anamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wake. Nilisikia akijibu ndiyo, bila utani wowote. Nilisikia maji yakifunguka na kujifunga.

Kimya. Hata ng'ombe walinyamaza. Gongo langu lilisimama lenyewe. Nilisikia akitolewa, akikohoa, akivuta pumzi ndefu, halafu hakuna kitu. Nilimfikiria mkewe kule ukingoni na mikono mdomoni. Nilijikuta naomba, Bwana, uso wowote, lakini kama inawezekana, si ule.

Kisha nikakisikia. Kilianzia tumboni. Kikapanda. Kikakwama kifuani, kikakataa, kikakataa, na mkewe akapiga kelele, "Ni yeye! Ni yeye!", na kikawaka.

Niligeuka. Nisameheni, niligeuka. Alikuwa mikononi mwa mchungaji, maji yanamtiririka, mdomo wazi, amenyoosha kidole kuelekea mchangani. Tukatazama sote. Fahali wa Barisa alikuwa ametafuna shati la kijani mpaka kwapani, na mkono mmoja wa shati ulikuwa ukining'inia mdomoni mwake. Barisa alimkimbilia na fimbo, akiomba radhi kwa lugha tatu.

"Mwache!" Mpiga Maji akapaaza sauti, na kicheko kikamkata maneno. "Mwache, Barisa! Mwache ale!"